Karani Aliniuliza Kama Najua Kusoma

Jamani, leo nina hasira na msinitulize. Nimempeleka nonna, yule mama mzee ninayemtunza hapa Torino, Italia, kwenye ofisi fulani kufuatilia posho yake. Karani, kijana tu, akaniangalia mimi na buibui langu, akanisukumia fomu na kupaza sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto: "Wewe, kusoma unajua?" Foleni nzima ikageuka.

Mimi niliyemaliza fomu foo, nikakaa mapokezi ya hoteli Malindi nikiwaandikia Wataliano risiti kwa Kitaliano chao! Fomu nikaijaza palepale, mbele na nyuma. Nonna ameketi kimya, mkoba mapajani. Na asiyejua kusoma pale alikuwa yeye. Yeye hakuulizwa.

Hata mimi haikunijia mara moja. Kila barua ikiingia, nonna husema leo miwani haioni vizuri. Miwani yenyewe iko shingoni, inaning'inia kwa kamba. Bili ya umeme, miwani. Karatasi ya hospitali, miwani. Nikaja kugundua kwenye dawa: ya presha anaijua kwa kisanduku cha kijani, ya moyo ina mstari mwekundu. Siku duka la dawa lilipompa ya kampuni nyingine, kisanduku cheupe, alikataa kumeza chochote mpaka jioni, na mimi ndiye niliyetukanwa.

Sisi watu wa Malindi tumewazoea Wataliano hawa tangu mambo ya roketi walizorusha kule San Marco, kituo chao cha baharini. Tunawaona kwenye majumba yao ya makuti tunadhani kila mmoja alizaliwa na kitabu mkononi. Thubutu! Nchi hii ilipoungana mwaka 1861, katika kila watu wanne, watatu hivi hawakujua kusoma. Sensa ya 1951 ilikuta bado asilimia 13 hivi, na kule kusini, Calabria, alikozaliwa nonna ilikuwa karibu theluthi nzima, wanawake wakiwa wengi zaidi. Sheria ya kumtaka mtoto asome mpaka miaka 14 ilikuwepo tangu 1923, ila sheria haiokoti zeituni. Nonna alitolewa darasa la pili akaenda kuokota.

Baadaye akaolewa, wakapanda treni kuja kaskazini, mume akapata kazi kiwanda cha magari. Mwaka 1960 televisheni ya taifa, RAI, ikamweka mwalimu mmoja, Alberto Manzi, kufundisha watu wazima kusoma. Jioni, watu wametoka kazini, yeye anachora kwa mkaa kwenye makaratasi makubwa, herufi moja moja. Asiye na televisheni alikwenda kutazama pamoja na wenzake. Iliendelea hadi 1968, na inakadiriwa karibu watu milioni moja na nusu walipata cheti cha msingi. Mume wa nonna ni mmojawapo. Cheti kiko ukutani kwenye fremu, kando ya picha ya Padre Pio, mtakatifu wao. Nilipomuuliza nonna mbona yeye hakusoma, alinishangaa: "Na chakula angepika nani?"

Si ndiyo gumbaru yetu hiyo ya Kenya, masomo ya watu wazima, ila ya kwenye kioo? Ya Moi ilianza 1979. Na Mzee Maruge alipovaa kaptura akaingia darasa la kwanza mwaka 2004, ana miaka 84, dunia nzima ilikuja kumpiga picha. Hawa wa kwao hakuna aliyewaonyesha dunia. Bibi yangu mimi, mzaa mama, kwenye makaratasi ya serikali anapiga dole gumba, kwa hiyo kwa hesabu ya serikali hajui kusoma. Lakini juzuu anaisoma bila kukwama, na barua ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu alikuwa akimwandikia babu akiwa Mombasa. Zile za kizungu akishindwa anasema tu, "Nisomee, mwanangu." Haoni haya. Nonna anaona haya mpaka leo, na anakaribia miaka tisini.

Sasa wamewaongezea mzigo. Tangu 2021 huduma nyingi za serikali mtandaoni huingii bila kitambulisho cha kidijitali, kama kile wanachokiita SPID. Hata waliopata cheti kwenye televisheni wamekwama. Na msidhani ni vikongwe peke yao: utafiti wa OECD, shirika la nchi zilizoendelea, uliotoka Desemba 2024, wa watu wa miaka 16 hadi 65, ulikuta zaidi ya theluthi ya watu wazima hapa wako ngazi za chini kabisa katika kusoma na kuelewa. Karani wangu yule naye sijui kama alipimwa.

Nyinyi mnaoniandikia kila siku kuhusu kazi za badante, yaani kutunza wazee kama mimi, sikilizeni. Kitaliano cha ufukweni, cha ciao bella, hakikufikishi popote. Kibali cha kudumu cha kuishi hapa kinataka mtihani wa Kitaliano wa ngazi ya A2, na uraia tangu 2018 unataka B1, ngazi ya juu yake. Madarasa ya serikali ya watu wazima, CPIA, yapo, nendeni hata mkiwa mmechoka. Na kila ombi lina stempu yake ya euro 16. Zidisheni wenyewe.

Nonna nilimnunulia daftari. Amelifanya la kuwekea risiti. Hesabu lakini hakuna wa kumdanganya, chenji anaijua kabla muuzaji hajafungua droo.

Jioni hii mwanawe amepiga simu kutoka Milano. Mama amelalamika tena macho, nimpeleke akapimwe, miwani ibadilishwe, gharama asiulizwe mtu, atalipa yeye. Miwani ya mwaka jana bado mpya na ilimtoa zaidi ya euro mia tatu. Nimemwambia sawa, kesho nitaomba miadi.