Mhandisi mchanga na mchanga wa darasa la kijijini

Ukishahitimu uhandisi ujenzi Tanzania, unajisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) kama mhandisi mhitimu. Hufuata mafunzo ya vitendo. Mpango wa mafunzo hayo, SEAP (Structured Engineers Apprenticeship Programme), ni wa miaka mitatu, chini ya msimamizi anayekagua kazi zako na kutia saini daftari lako. Wengi hukwama hapo: daftari limejaa michoro ya kompyuta, zege hawajaligusa. Kujitolea kwenye madarasa yanayojengwa kwa nguvu za wananchi huziba pengo hilo, mradi uende kwa fani yako. Matofali wanakijiji wanabeba vizuri kuliko wewe.

Anza kwa mtendaji wa kijiji na kamati ya ujenzi, ila mhandisi wa halmashauri ajue upo. Mipaka iwe wazi: wewe unasoma mchoro, unapima, unaandika. Kubadili nondo au paa si kazi yako, hata fundi akubembeleze vipi.

Kazi yenye faida kubwa ni ya bei ndogo: boksi la kupimia. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa kama lita 35, basi pigilia boksi la mbao la sentimita 40 kwa 35, kimo 25. Kwa zege la 1:2:4, kila mfuko ni maboksi mawili ya mchanga na manne ya kokoto. Makarai hayaaminiki; moja hujazwa kichuguu, lingine nusu.

Linta, yaani boriti ya zege inayopita juu ya milango na madirisha, ya kuzunguka darasa la mita 9 kwa 7, yenye upana na kimo cha sentimita 20, inahitaji karibu mita za ujazo 1.3, yaani mifuko minane hivi, agiza tisa. Ukiona wametumia mitano, usisubiri nyufa ndipo uulize.

Maji ndipo ugomvi ulipo. Mfuko mmoja unataka kama lita 25, lakini mchanga uliolowa kwa asilimia 5 tayari umeleta lita tano, hivyo unaongeza 20 tu. Fundi atataka zaidi ili zege liteleze. Maji ya ziada hukauka na kuacha vitundu, na nguvu inashuka. Mwonyeshe kwa vitendo: jaza kyubu (vibonge vya zege vya umbo la mchemraba) za milimita 150 kwa tabaka tatu, kila tabaka ulishindilie mara 35, nyingine kwa maji yake na nyingine kwa yako, kisha zipelekwe maabara zipimwe nguvu. Za siku 7 huwa na takriban theluthi mbili za nguvu ya siku 28. Hoja ya mashine haina majibizano.

Kagua pia nondo kabla ya kumwaga. Zikilala juu ya mbao za kumwagia zege, zitapata kutu, zitavimba na kupasua zege. Ziinue kwa vipande vya zege vya milimita 25. Baada ya kumwaga ni kumwagilia zege maji siku 7 mfululizo, na hapa weka jina la mtu, maana kazi ya wote haina mwenyewe.

Daftarini, “nimeshiriki ujenzi wa darasa” hakumwambii msimamizi chochote. Andika: tarehe, linta mita 32, mifuko 8, maji lita 20 kwa mfuko, kyubu 6, nondo mbili zilizoinuliwa upya upande wa dirisha. Mpelekee wiki hiyohiyo, akikumbuka bado ulimpigia simu kuuliza kuhusu maji.