Jina lako kamili ni nani?

Kila asubuhi saa moja kasorobo nasimama kwenye geti la saiti yetu ya ujenzi, Najjera, Kampala, hapa Uganda, na kaunta buku mkononi. Fundi, pota (kibarua wa kubeba mizigo), hata yule dada anayetuletea kikomando, chapati na maharage, saa nne, hapiti mtu kabla sijaandika jina lake kamili, kijiji anakotoka na namba ya simu ya mtu wa nyumbani kwao. Wengine hukasirika, wanasema nawachelewesha. Nawavumilia.

Mwaka 2019 nilikuwa msaidizi wa fomeni kwenye jengo la ghorofa tano, upande mwingine wa Kampala. Tulikuwa na kijana tuliyemwita Mbale kwa sababu alitoka huko. Miezi minne alitubebea zege na sikuwahi kumuuliza jina. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Shimo la lifti, ghorofa ya tatu, lilikuwa limefunikwa kwa kipande cha plaiwudi kisichopigiliwa hata msumari mmoja. Mbale akakikanyaga ukingoni, karai begani, kikapinduka. Karai nililikuta chini limenasa kwenye nondo, zege ndani yake bado bichi.

Polisi wakauliza, "Huyu ni nani?" Tukatazamana. Hakuwa na kitambulisho. Pota mwenzake alikuwa na namba yake, nami nikafanya kama namtumia shilingi 500 kwa mobaili mani, jina likatokea kwenye skrini. Ndipo nilipolisoma mara ya kwanza. Simu yake, ile ndogo ya tochi, ilikuwa bado inawaka. Nikapiga namba ya mwisho aliyokuwa ameipigia. Mama akapokea kabla sijatamka neno: "Mwanangu, pesa zimefika, asante."

Kontrakta alitoa jeneza, gari la kwenda Mbale na bahasha ya rambirambi yenye milioni moja na nusu. Nilisindikiza msiba, nikaiona bahasha ikipokelewa kwa mikono miwili. Sheria yetu ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2000 inasema aliyekufa kazini akiacha wanaomtegemea yeye kabisa, hao hulipwa mshahara wake wa miezi 60. Mbale alilipwa 20,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi: 520,000. Zidisha mara 60, unapata 31,200,000. Lakini nani angethibitisha alifanya kazi pale, kwa malipo gani, tangu lini? Hakukuwa na karatasi hata moja yenye jina lake. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri amjulishe afisa wa kazi. Sikuwahi kumwona afisa yeyote pale, na wiki iliyofuata tulimwaga zege la ghorofa ya nne.

Tangu hapo nasoma takwimu za vifo vya kazini, usiku, kwenye simu. Uingereza, katika mwaka wa hesabu 2024/25, walikufa wafanyakazi 124 kwa ajali za kazini, 35 kati yao wa ujenzi. Mwaka mmoja kabla, wa ujenzi walikuwa 51. Wanaweza kukaa mezani wakauliza hao 16 wamepungua kwa nini. Kuanguka kutoka juu ndiko kunakoua wengi zaidi kwao, kama kulivyomuua Mbale. Marekani mwaka 2023 walikufa 5,283, zaidi ya theluthi wakiwa kwenye magari na vyombo vingine vya usafiri; wakata magogo ndio walio hatarini kupita karibu wote ukilinganisha na idadi yao. Shirika la Kazi Duniani linakadiria kwamba ajali za kazini huua watu wapatao 330,000 kila mwaka, na kwamba kilimo, ujenzi, misitu, uvuvi na viwanda hubeba asilimia 63 ya vifo hivyo.

Mimi nasoma orodha hiyo nikiona nyumba yetu ya Busia. Mdogo wangu anavua mukene, yaani dagaa, Majanji, usiku wa giza, kwa taa, na upepo wa ziwa haupigi hodi. Binamu yangu anachimba dhahabu Tiira, kwenye mashimo ambayo mvua ikinyesha kuta zake hulainika kama uji. Nani anawaandika hao? Mtumbwi ukizama, kijiji huomboleza, wiki inakwisha. Mtu akianguka kutoka kwenye jukwaa la miti ya kalitusi, miti hiyohiyo hufungwa upya kesho yake. Tangu 2006 tuna sheria ya usalama na afya kazini inayodai sehemu za kazi zisajiliwe, na naiunga mkono kwa moyo wote, lakini mkaguzi hawezi kuhesabu mtu ambaye hata fomeni wake hamjui jina.

Kwenye saiti yangu sasa kila shimo la lifti lina mbao zilizopigiliwa na uzio wa kufika kiunoni, na nalizungukia mwenyewe baada ya mvua. Kuna bosi aliyeniambia mbao hizo ni hasara. Nilimfungulia kaunta buku, nikamsomea majina ya siku hiyo yote 43.

Leo amekuja kijana mpya kutoka Soroti, gambuti za kuazima. Nikamuuliza jina, akasema, "Niite Soroti tu, mzee."

Nikamshikia kalamu mpaka akaandika yote matatu.