Kabla hujakubali ovaholi, pima kompresheni kwanza

Aisee mafundi wetu wa Dar wanalipenda sana neno ovaholi (kuifumua injini nzima na kuijenga upya), au hata kuibadili kabisa. Gari ikianza kumisi kwenye foleni, ikikosa nguvu kupanda kule Kimara, na ukiwasha AC ndo kabisa, jibu la kwanza unalopewa ni "bosi injini imechoka hii, twende pale Gerezani kwenye maduka ya spea tukachukue nyingine". Hapo hakuna aliyepima chochote, kasikiliza mlio tu akatikisa kichwa. Mimi msimamo wangu ni mmoja, fundi ambaye hajashika geji ya kompresheni (inayopima mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) asiniambie injini imekufa.

Juzi jirani yangu hapa Tabata kaambiwa hivyohivyo. Ana Toyota IST namba D anapigia kazi za taxi mtandao, kafunga mtungi wa gesi kama wenzake wengi, asubuhi inatetemeka ikiwa sailensa (imewaka bila kukanyagwa mafuta) kisha ikipata moto inazidi. Nikamwambia kaka lete hapa tuipime kabla hujaanza kukopa.

Kupima kwenyewe si kazi ngumu ila kuna mambo ukiyaruka unapata namba za uongo. Injini iwe imepata moto wake wa kawaida. Puliza mchanga kwenye mashimo ya plagi kabla hujafungua, usiudondoshee ndani. Halafu toa plagi ZOTE, sio ile unayoishuku tu, chomoa soketi za koili, toa fyuzi ya pampu ya mafuta, na kama ina gesi zima gesi pia. Betri iwe na chaji. Kisha mtu akae ndani akanyage mafuta mpaka chini wakati unapiga stata, hiki ndo wengi wanasahau, maana ukiacha throto (mlango wa kuingiza hewa) imefungwa injini haivuti hewa ya kutosha, silinda zote zinasoma chini na unaizika injini iliyo hai. Piga mpaka sindano iruke mara tano au sita, na idadi iwe ileile kwa kila silinda.

Geji nunua ile ya kufunga kwa nyuzi, ya kukandamiza na mpira inavuja ukichoka mkono. Plagi za IST ni nyuzi za milimita 14 na zimekaa ndani shimoni, kwahiyo dai yenye mpira mrefu.

Zetu zikaja 172, 175, 118, 170 psi (kipimo cha mgandamizo), silinda ya kwanza mpaka ya nne. Sasa injini ya petroli nzima kwa kawaida inacheza kwenye 150 mpaka 200 psi hivi (huku tupo usawa wa bahari, mtu wa Mbeya kule juu asishtuke yake ikiwa chini kidogo), ila usiishie kuangalia namba, angalia zinavyopishana. Kwa hizi injini Toyota wanataka tofauti isizidi kama 14 psi. Sisi tuna zaidi ya 50. Na angalia sindano inavyopanda, ringi za pistoni zikichoka ruko la kwanza linakuwa fupi halafu inajikongoja inaongezeka kidogo kidogo, valvu ikivuja inaanza chini na inabaki hukohuko. Silinda ya tatu ilibaki hukohuko.

Tukaweka oili ndani ya hiyo silinda, kama kijiko kimoja cha chai, tukapima tena. Oili inaziba kwenye ringi kwa muda, kwahiyo ingeruka mpaka 150 na kitu ningesema sawa, ringi, fundi wako ana hoja. Ikasoma 122. Ringi nzima! Ingekuwa silinda mbili zilizokaa jirani ziko chini pamoja ningeshuku gasketi ya silinda hedi katikati yao, na zote nne zikiwa chini ningeangalia cheni ya taimingi kama imeruka meno kabla ya kulia. Ila moja tu na oili haiisaidii, hiyo ni valvu. Tukaweka pistoni juu valvu zote zikiwa zimefunga, tukaingiza upepo wa kompresa kwenye shimo la plagi, nikaweka sikio kwenye ekzosi: sssss. Ingetokea kwenye shimo la stiki ya oili ni ringi, mapovu kwenye rejeta ni gasketi.

Na hapa ndo watu wa gesi mnisikilize. Gesi ni kavu, viti vya valvu vinalika taratibu, valvu inazidi kuzama mpaka ule uwazi wake (nafasi ndogo kati ya kemshafti na tapeti inayosukuma valvu) unaisha na haifungi tena vizuri. Kwenye injini hii valvu ya ekzosi inatakiwa uwazi wa milimita 0.25 mpaka 0.35 injini ikiwa baridi. Tulipofungua kava siku ya pili filagheji (bamba jembamba la kupimia uwazi) ya 0.10 ilikataa kuingia. Bahati yake valvu ilikuwa haijaungua, tukabadilisha tapeti kwa saizi nyembamba, ikasoma 166. Ingekuwa imeungua ingebidi hedi ishuke, wasage valvu, na bado isingefika hata karibu na bei ya injini.

Wenye Hiace za dizeli msije kuazima geji yangu lakini. Dizeli inaweza kupita 400 psi, hii mwisho wake 300, mtaniulia.