Jinsi nilivyochagua injini na trela ya boti yangu ya uvuvi kwa ajili ya Ziwa Tshangalele

Nilinunua boti kwanza, nikanunua injini baadaye, na trela nikaipokea jinsi ilivyokuja na boti bila kuichunguza. Leo ningefuata mpangilio wa kinyume kabisa: ningeanza na barabara, nikaja kwenye maji, na nguvu za injini ningezifikiria mwisho. Ninaandika haya kwa ajili ya wenzangu wa Lubumbashi na Likasi ambao wameanza kuagiza boti za aina hii, kwa sababu mimi nilipohitaji maelezo kwa Kiswahili sikuyapata.

Boti yenyewe ni ya alumini, ina urefu wa mita 4.9, kitako chake ni bapa, na omo, yaani sehemu ya mbele, ina jukwaa pana ambapo mvuvi husimama akirusha ndoana. Umbo hilo lilibuniwa Marekani kwa ajili ya uvuvi wa samaki aitwaye bass, nalo limeenea sana Afrika Kusini, ambako samaki huyo alipelekwa mwaka 1928. Kutoka huko boti zilizotumika huletwa kwetu kupitia Zambia na mpaka wa Kasumbalesa. Sisi hatuvui bass. Tunavua tilapia na kambale. Hata hivyo boti tulivu, isiyozama sana majini na yenye nafasi ya kusimama, inafaa mno katika Tshangalele, ziwa lililotokea baada ya mto Lufira kuzuiwa na bwawa la Mwadingusha mwaka 1930. Ni ziwa pana lenye kina kidogo, limezungukwa na mafunjo na majani, na sehemu kubwa ya bonde hilo imo katika Hifadhi ya Bayosfia ya Lufira iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 1982. Mtu anayeona korongo wakiruka juu ya mafunjo hayo alfajiri huelewa kwa nini nimekubali kuhangaika kiasi hiki.

Kwenye ubao wa tezi, yaani ule ubao wa nyuma unaobeba injini, watengenezaji walibandika kibati kinachosema kwamba boti haipaswi kufungwa injini inayozidi nguvu farasi 50. Niliheshimu kibati hicho, na ninamsihi kila mnunuzi akiheshimu. Wauzaji wawili walinishauri niweke 60, wakidai kwamba tofauti ni ndogo, lakini uzito wa ziada na msukumo wa ziada huangukia ubao uleule, na ubao ukipasuka katikati ya ziwa hakuna cha kushikilia. Hivyo uchaguzi ulibaki kati ya 25 na 40. Ningekuwa navua peke yangu, 25 ingetosha. Lakini mara nyingi tunakuwa watatu, pamoja na barafu, nyavu ndogo za kuopolea na vyakula, na boti bapa isiyopata nguvu za kutosha kuinuka juu ya maji hubaki ikiburuza tezi na kumeza mafuta bure. Nikachagua 40.

Lililofuata lilikuwa gumu zaidi: injini ya mipigo miwili, inayochoma mafuta kila mzunguko, au ya mipigo minne, inayochoma kila baada ya mizunguko miwili? Injini ya mipigo minne hutumia mafuta machache, haina kelele nyingi, na haimwagi oili majini. Ile ya mipigo miwili yenye kabureta imeacha kuuzwa ikiwa mpya Marekani na Ulaya kwa sababu ya uchafu wake, ila Afrika bado inauzwa. Moyo wangu ulikuwa upande wa mipigo minne, hasa kwa kuwa ziwa lenyewe ni hifadhi. Mambo mawili yalinirudisha nyuma. La kwanza ni uzito: niliyoipenda ilikaribia kilo 100, na ya mipigo miwili ilikuwa na kilo sabini na kitu, na tofauti hiyo yote inakaa nyuma kabisa ya boti nyepesi. La pili ni matengenezo. Ya mipigo minne niliyoonyeshwa huingiza mafuta kwa njia ya kompyuta, na sikumpata fundi wa Kapolowe, karibu na ziwa, au wa Likasi mwenye kifaa cha kuisoma, ilhali ya mipigo miwili hufunguliwa na mtu yeyote anayejua pikipiki. Nilinunua ya mipigo miwili, na nakiri kwamba kila ninapoona utando wa oili nyuma ya boti asubuhi maji yakiwa yametulia, ninaumia. Siku fundi wa kweli wa hizo nyingine atakapopatikana karibu, nitabadilisha.

Kwa wenye injini kama yangu, oili ni jambo la kufa na kupona. Kitabu chake kinaagiza mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, na mililita 40 katika saa 10 za kwanza. Oili iwe ile yenye alama ya TC-W3, iliyotengenezwa kwa injini za boti. Ya pikipiki huacha majivu ndani kwa sababu injini ya boti hupozwa kwa maji ya ziwa na haipati joto lilelile. Esansi, yaani petroli, ninainunua stesheni mjini kabla ya kuondoka, nami nimeweka chujio linalotenga maji, kwani mara moja nilijaza tangi kutoka dumu la pembeni ya barabara na tukarudi ufukweni kwa kupiga kafi.

Kabla ya kulipa, pima ubao wa tezi. Kipimo kinachukuliwa katikati, kutoka ukingo wa juu unapokaa mshikio wa injini hadi chini ya kitako. Wangu ulikuwa na sentimita 51, maana yake ni injini ya mguu mrefu, ule wa inchi 20. Muuzaji alikuwa na ya mguu mfupi, wa inchi 15, kwa bei nzuri, akaniambia, “Papa, tutakata ubao kidogo tu.” Nilikataa. Ubao ukikatwa, mawimbi huingia kwa nyuma. Usipokatwa, propela hukaa juu mno, huvuta hewa badala ya maji, na injini hulia bila kusukuma. Mguu ukizidi urefu nao huburuta na kugusa tope. Kile kibati bapa kilicho juu ya propela kinapaswa kuwa sawa na kitako cha boti au chini yake kidogo. Mimi, kwa sababu ya majani ya Tshangalele, niliipandisha injini tundu moja baada ya majaribio, nikiangalia kwamba ule mchirizi wa maji unaotoka ubavuni haukatiki. Mchirizi huo ukikoma, zima papo hapo na utoe majani kwenye matundu ya kunyonyea, kwa kuwa pampu ndogo ya mpira iliyomo ndani huungua kwa muda mfupi sana ikikosa maji.

Hapa ndipo niliposhangazwa na jambo ambalo hakuna muuzaji aliyelitaja: mwinuko. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na injini hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 tunazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Farasi wangu 40 kwa kweli ni kama 36. Propela iliyokuja na injini ilikuwa ya hatua ya inchi 13 (hatua ni umbali ambao propela ingesonga mbele ikizunguka mara moja), iliyokusudiwa kwa usawa wa bahari. Kitabu kinataka injini, ikipewa mafuta yote, izunguke kati ya mara 4,500 na 5,500 kwa dakika. Yangu ikiwa na watu watatu ilifika 4,600 kwa shida, na boti ilichukua sekunde 14 kuinuka juu ya maji. Watu wengi wangesema bado imo ndani ya kipimo. Lakini injini inayolemewa hivyo kila siku hupata joto na kuzeeka mapema, ni sawa na gari linalopandishwa mlima kwa gia ya nne. Kila inchi ya hatua inayopunguzwa huongeza mizunguko kati ya 150 na 200, kwa hiyo niliagiza propela ya inchi 11, ikanipa 4,950. Mwendo wa juu ulibaki karibu uleule, ila sekunde 14 zikawa 7. Nilichukua ya alumini, si ya chuma kisichoshika kutu, kwa makusudi: ikigonga jiwe, alumini hupinda yenyewe na kuziokoa gia. Ile ya inchi 13 ninaibeba kama akiba.

Sasa nije kwenye trela, ambayo naona ilistahili fedha na fikra nyingi kuliko injini, kwa sababu boti yangu hukaa saa nyingi barabarani kuliko majini. Kutoka Lubumbashi tunafuata barabara ya taifa namba 1 kuelekea Likasi, katikati ya malori ya madini, tukifika Kapolowe-Gare tunaiacha lami na kuingia njia ya udongo hadi Kapolowe-Mission. Trela iliyokuja na boti ilikuwa na magurudumu madogo ya inchi 10. Fundi wa kuchomelea wa Kampemba, hapa Lubumbashi, aliinama, akaitazama, akasema, “Papa, hii ni trela ya lami. Ukiipitisha kwenye vumbi utairudisha juu ya gari la mtu mwingine.” Sikumsikiliza. Safari ya kwanza, tulipopita Luisha, mpwa wangu aliyekuwa ameketi nyuma akaniita, “Mjomba, kuna moshi.” Grisi ya gurudumu la kulia ilikuwa imeungua na beringi imesagika. Gurudumu dogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa mwendo uleule, na beringi zake nazo ni ndogo. Ukiongeza mashimo, hazina uwezo. Tulilala pale barabarani, na usiku huo ndio niliofanya hesabu ambazo ningezifanya mapema.

Boti tupu ina kilo 220, injini 75, esansi lita 50 ambazo ni karibu kilo 37, betri na injini ndogo ya umeme ya omo kilo 40, na mizigo kama 50. Jumla inapita kilo 420 kabla ya kuhesabu trela yenyewe, iliyo na kilo 200. Yule fundi alinifungia ekseli mpya inayobeba kilo 1,000, springi za mabamba, na magurudumu ya inchi 14, ambayo tairi zake zinauzwa hadi Likasi kwa sababu za magari madogo mengi ni hizohizo. Tairi la akiba na seti nzima ya beringi zilizokwisha kupakwa grisi haviachwi nyumbani. Nimezoea kusimama baada ya kilomita 20 na kugusa kitovu cha kila gurudumu kwa kiganja: kikiwa vuguvugu ni sawa, kikishindwa kushikika kuna tatizo. Tukifika ziwani hatuteremshi boti mara moja. Vitovu vya moto vikizamishwa katika maji baridi, hewa iliyomo ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia sili, kisha grisi huharibika kimyakimya. Nusu saa ya kufungua kamba na kunywa chai inatosha.

Uzito unaolala kwenye ndoano ya gari nao una kanuni yake. Unapaswa kuwa kati ya asilimia 7 na 10 ya uzito wote, kwangu ni kama kilo 45 hadi 60. Ukipungua, trela huanza kuyumba mkia mara lori linapokupita. Ukizidi, gari huinua pua. Nilipima kwa mizani ya kupimia watu, nikaiweka chini ya mkono wa trela juu ya kigogo, nikakuta kilo 22 tu. Tulisogeza boti mbele sentimita chache, tukahamisha nguzo ya winchi, ikawa 52. Angalia pia kile kirungu cha chuma kinachoshikilia trela: cha milimita 50 na kile cha inchi moja na sehemu saba za nane vinafanana machoni, lakini trela ya milimita 50 ikikalia kirungu kidogo inaweza kuchomoka kwenye shimo. Minyororo ya usalama ninaipitisha kwa kupishana chini ya mkono wa trela, ili mkono ukianguka udakwe usichimbe barabara.

Jambo la mwisho nililolirekebisha ni namna injini inavyosafirishwa. Ikiwa imeinuliwa juu na kuachwa ining'inie, kila shimo huifanya ivute ubao wa tezi kama wenzo, na baada ya safari nne niliona ufa mwembamba kwenye mchomeleo. Fundi aliuziba na kunitengenezea nguzo fupi yenye mpira inayosimama kati ya mguu wa injini na fremu ya trela, nayo mikanda miwili hufunga tezi isirukeruke. Tunapoteremshia hakuna saruji, ni tope lenye mteremko mdogo, hivyo trela haiwezi kuzama yote. Kwa sababu hiyo niliongeza roli mbili za mpira chini ya mkuku, na pembeni nikaacha mbao zilizovikwa zulia, kwa kuwa kitako bapa kinahitaji kulala kwenye kitu kipana. Gari linabaki pakavu juu ya mbao nene, trela inashushwa kwa kamba ndefu, na vijana wawili wa pale hutusaidia kwa malipo tuliyokubaliana. Tangu mabadiliko hayo tumekwenda mara tisa bila kusimama njiani isipokuwa kugusa vitovu, na kabla ya mvua kuanza nitafungua beringi zote tena, nizioshe kwa mafuta ya taa na kuzipaka grisi mpya.