Vidonge Vinane

Mama ndiye aliyevikumbuka vile vidonge. Mimi nilikwisha kumweleza daktari kisa chote kwa mpangilio, mwaka baada ya mwaka, nikanyamaza kungoja jibu. Mama alikuwa amekaa karibu na mlango, mkoba mapajani. Akasema, "Na zile dawa za pumu je? Vile vidogo vyeupe. Alikuwa anameza vinane kwa mkupuo."

Ilikuwa Machi 2023, kliniki ya afya ya akili, Tanga. Nilikwenda, si kwa kuwa naumwa. Nilikuwa naomba mkopo nimalizie nyumba, na kwenye karatasi za bima ya mkopo kulikuwa na swali: umewahi kuugua au kutibiwa ugonjwa wa akili? Ndiyo, hapana. Nilikaa na karatasi ile siku tatu. Mwaka 2004, nikiwa na miaka 22, nililazwa wiki tatu wodi ya wagonjwa wa akili, nikatoka na neno baipola kwenye cheti, yaani ugonjwa wa akili kupanda kupita kiasi na kushuka. Nikameza haloperidoli na kabamazepini hadi 2007, nikaacha. Tangu hapo sijaugua. Nimezaa watoto wawili, nimefundisha, nimemzika baba. Sasa nijaze nini?

Nilichokitaka hasa, nakiri, ni daktari alifute lile neno.

Nilimsimulia ile likizo ya 2004. Siku sita sikulala, na wala sikuchoka. Nilikuwa nafua usiku, naandika barua kwa watu nisiowajua, nasema mpaka sauti inakauka. Nikaenda duka moja Ngamiani, nikakopa doti 14 za khanga kwa jina la Mama, nikazigawa njiani kwa kila mwanamke niliyempenda sura. Nakumbuka furaha yenyewe, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo: haikuwa na ladha ya ugonjwa hata kidogo. Deni lile Mama alililipa kwa kuuza maandazi, miezi minane. Mwaka uliofuata nikalala. Sikuoga, sikula mpaka nilishwe, nikageukia ukutani kuanzia Mei mpaka karibu na Ramadhani. Posa ya kwanza iliyokuja nyumbani kwetu ilirudi, na kila mtu mtaani alijua ni kwa sababu gani.

Daktari alikuwa mwanamke wa umri wangu. Alimwamkia Mama vizuri, akaanza kuuliza. Je, baada ya hapo kuna wakati nililala saa tatu au nne tu nikaamka na nguvu, siku kadhaa mfululizo? Nilitumia fedha ovyo? Watu walisema nimebadilika? Maswali alinielekezea mimi, ila macho yalikuwa kwa Mama. Nilichukia. Baadaye nikaelewa: mtu akipanda, yeye ndiye wa mwisho kujua. Mama alitikisa kichwa kila swali. Hapana, daktari. Hapana.

Kwenye uzazi alikaa zaidi. Watoto wawili, bila dawa, na baada ya kujifungua nilikuwaje? Nilikuwa mzima, nimechoka tu kama wazazi wote. Akaandika, akapiga mstari chini yake. Alisema wiki za mwanzo baada ya kujifungua ni kipindi kibaya sana kwa mwenye baipola, wengi huwarudia hapo, na mimi nilikuwa nimekipita mara mbili.

Ndipo Mama akataja vidonge.

"Vinane kila asubuhi?" daktari akauliza. "Siku ngapi kabla hajaacha kulala?"

"Hata wiki haijaisha."

Ilikuwa prednisoloni. Vinane vya miligramu 5 ni miligramu 40. Daktari akatueleza kwamba dawa hiyo huokoa watu wa pumu, lakini kwa baadhi yao huweza kuwapandisha akili ndani ya siku chache: usingizi unakata, maneno yanajaa, wengine wanapotea kabisa. Mwaka 2004 hakuna aliyeuliza nilikuwa natumia dawa gani.

Nikalia. Nilidhani nimepewa jibu. Miaka 19, kumbe sikuwa na kitu!

"Subiri kwanza, Mwalimu," akasema. Dawa yaweza kuleta mania, huko kupanda kwa akili, yenyewe, na yaweza pia kuamsha kilichokuwa kimelala. Na sonona ya 2005, kule kulala nimegeukia ukutani, ilikuja prednisoloni ikiwa imekwisha zamani. Akanieleza kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotumika miaka ile ulitaka vipindi viwili ndipo uite baipola. Huu mpya, ulioanza kutumika 2022, mania moja inatosha. Lakini mania iliyoletwa na dawa tu haihesabiwi. Kwa hiyo kila kitu kilirudi kwenye wiki ile moja, na wiki ile ilikuwa imepita bila mtu kuichunguza.

"Sasa ninayo au sina?"

"Hakuna kipimo cha damu cha kunijibia hilo, wala picha ya ubongo. Nina kisa chako tu. Na nusu yake nimeipata leo kwa mama yako."

Akaandika barua, akatusomea. Kwamba mwaka 2004 niliambiwa nina baipola nikiwa natumia prednisoloni. Kwamba nilipata sonona 2005. Kwamba tangu 2007 sina dalili wala dawa. Kwamba utambuzi wa awali una shaka, ila hauwezi kufutwa. Kwenye fomu nijaze ndiyo, kwa sababu nilitibiwa, na barua niiambatanishe. Nikiandikiwa prednisoloni tena nisiikatae, pumu inaua. Nimwambie anayenipa yaliyonipata, na mtu wa nyumbani aangalie usingizi wangu. Na kwamba niliacha dawa peke yangu nikasalimika, nisimshauri mwingine, kwani yeye huwapokea walioacha wakaanguka.

Tulitoka saa saba, jua kali. Tukakaa kwenye kivuli cha mwarobaini kungoja bajaji. Nilikuwa nimeikunja barua mara nne. Nikamuuliza Mama kwa nini miaka yote ile hajawahi kuvitaja vile vidonge.

Alikaa kimya mpaka bajaji mbili zikapita.

"Hukuwa unavimeza mwenyewe," akasema. "Ulikuwa unasahau. Nilikuwa nakuhesabia mimi, kwenye kiganja, vinane, kila asubuhi. Ulipoharibikiwa nikajua nimekosea hesabu."

Akafungua kiganja chake juu ya mkoba, akakitazama.

"Hukukosea, Mama," nikamwambia. "Vilikuwa vinane kweli. Ndivyo ilivyoandikwa."

Akaniambia nirudie. Nikarudia.