Vipira visivyolingana: nilivyozipa uhai hedifoni zangu za bei nafuu

Neno lililonifanya nishike kibano na mkasi ni "sisi". Nasikiliza sana vitabu vinavyosomwa kwa sauti, na kila msomaji alipofika kwenye "sisi", "sasa" au "msisitizo", ile s ilitoka kama mvuke na kunichoma sikioni. Kwenye muziki matoazi yalifanya hivyohivyo, na besi haikuwepo kabisa. Gitaa zito lilisikika kama linapigwa nyumba ya pili. Hedifoni zenyewe ni za waya, zile ndogo za kuchomeka ndani ya sikio, za bei ya chini, kila upande una spika moja ya milimita 10. Nilizipenda kwa kitu kimoja: sauti ya mtu ilibaki sauti ya mtu. Ndiyo maana sikutaka kuziacha.

Nilianza na vitundu. Ukiligeuzageuza ganda utaviona viwili, vidogo kama vya sindano, kimoja mgongoni na kingine mbele karibu na shingo, yaani kibomba cha kutolea sauti, inayovaa kipira, kile kifuniko laini kinachogusa tundu la sikio. Nilikuwa najua kwamba kuziba cha mbele huongeza besi, kwa kuwa hewa iliyo kati ya spika na ngoma ya sikio inakosa pa kutokea. Nikakibandika plasta. Besi iliongezeka kidogo, lakini ikaja kero nyingine: kila nikizichomeka, mgandamizo wa hewa uliubonyeza utando wa spika ukalia "krak", na mara nyingine upande mmoja ulififia mpaka nichomoe na kurudisha. Nikabandua. Nikaziba cha nyuma, na hapo besi ikapungua zaidi ya mwanzo, maana hewa iliyofungiwa nyuma ya utando huwa kama springi na kuuzuia kucheza. Nikabandua tena. Majuma mawili yaliishia humo.

Aliyenionyesha njia ni mdogo wangu, na wala hakukusudia. Alizichukua mezani, akazivaa, akasikiliza wimbo uleule niliokuwa nimeuacha, kwenye simu ileile.

"Dada, mbona besi imejaa hivi? Unalalamikia nini?"

Nilidhani ananituliza tu. Lakini alikuwa anatikisa kichwa kwa kufuata besi ambayo mimi sijawahi kuisikia kwenye hedifoni zile. Simu moja, wimbo mmoja, sauti kiwango kimoja. Kilichobadilika ni masikio tu. Matundu yake ni membamba kuliko yangu, kwa hiyo vipira vya kati nilivyovikuta kwenye boksi vilimkaa kama kizibo cha chupa. Kwangu vilikuwa vinavuja.

Besi kwenye hedifoni za aina hii haitegemei ukubwa wa spika peke yake. Spika ndogo kiasi hicho inaweza kusukuma sauti nzito kwa sababu tu kachumba kalikobaki ndani ya sikio kamefungwa. Pakipatikana upenyo, hata wa unene wa unywele, sauti nzito ndizo zinazotoroka, na nyembamba zinabaki zilivyo. Kisha sikio linapima kwa kulinganisha: besi ikiondoka, s inaonekana kali kuliko ilivyo. Sehemu ya ugomvi wangu na "sisi" ilitokana na uvujaji.

Nikatafuta programu ya simu inayotoa mlio wa kiwango kimoja, nikaiweka hezi 50, yaani mlio mzito sana (hezi zikipanda mlio huwa mwembamba), kwa sauti ndogo, halafu nikaisukuma hedifoni taratibu kwa kidole. Mlio ukinenepa pale unaposukuma, kulikuwa na upenyo. Kulia ulinenepa kidogo. Kushoto ulivimba kana kwamba mlango umefungwa ghafla.

Kulia dawa ilikuwa ni namna ya kuvaa. Unapitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, unavuta sikio juu na nyuma ili njia yake inyooke, ndipo unaingiza hedifoni huku unaizungusha kidogo. Watu wanaovaa vizibo vya sponji kazini kwenye kelele hufundishwa hivyohivyo. Kushoto hata hivyo haikutosha, ilibidi nivae kipira kikubwa. Nikaweka vikubwa pande zote, na baada ya nusu saa sikio la kulia likaniuma. Nilichelewa mno kukubali jambo jepesi: kulia cha kati, kushoto kikubwa. Tulivyozoea kununua vitu kwa jozi, kuvaa saizi mbili kulionekana kosa, na hakuna kosa lolote. Masikio yangu hayalingani.

Hapo ndipo nilipoanza kujaribu aina za vipira kwa makini, na nilishangaa jinsi kipande cha silikoni kinavyoweza kugeuza sauti nzima. Vyenye mdomo mpana vilileta sauti ya msomaji karibu, lakini s ikarudi na ukali wake. Vyenye mdomo mwembamba vilipunguza makali. Vya sponji, vile unavyovifinya vikatanuka ndani ya sikio, viliziba vizuri kuliko vyote na kulainisha kila kitu. Nilivivaa mwezi mzima kwa furaha mpaka nikagundua kwamba nyuzi za gitaa zimekosa mng'ao. Pia vinachakaa haraka, vinashika nta ya sikio, na vikizeeka havitanuki. Nilijaribu na vile vya ngazi tatu, vinavyofahamika zaidi kwa ER-4 ya Etymotic Research ya Marekani, hedifoni ya mwaka 1991 iliyotengenezwa iingie ndani sana. Shingo ya zangu ni nene mno kwa kazi hiyo. Nikaviacha.

Kina cha kuziingiza sikioni nacho kina neno lake. Nilipopandisha mlio taratibu kutoka hezi 20 kwenda juu, palikuwa na mahali, karibu na hezi 7,000, ambapo sauti iliruka ghafla na kuuma. S ya binadamu inaishi mitaa hiyohiyo. Nikizisukuma ndani zaidi, mruko ulihamia juu kidogo, kwa sababu kachumba kinapofupika mwangwi wake hupanda. Basi kipira kifupi kinachoiruhusu hedifoni kuingia ndani kilinisaidia kuliko kirefu. Nikabaki na silikoni fupi ya mdomo wa wastani.

Mabaki ya ukali niliyashughulikia shingoni. Nilikata kipande cha sponji nikakiweka juu ya wavu mdogo wa mdomoni mwake. Kilikuwa kinene, msomaji akawa kama anaongea chini ya blanketi. Nikakipunguza, lakini sikuweza kukata viwili vya unene sawa, na sauti iliyopaswa kuwa katikati ya kichwa ikahamia kulia. Kilichofanya kazi ni plasta ya hospitali, ile nyeupe ya karatasi yenye kupitisha hewa. Niliibandika juu ya karatasi laini isiyoshika gundi, nikaitoboa kwa mashine ya kutobolea karatasi za faili, nikapata viduara vinavyolingana kabisa. Kimoja kila upande, juu ya mdomo wa shingo, kisha kipira juu yake. Viwili juu ya kimoja vilizidisha. Na vinahitaji kubadilishwa, maana nta huziba vinyweleo vyake.

Ili nisijidanganye, niliweka kiduara upande mmoja tu, nikaiambia simu itoe sauti ileile pande zote mbili, nikasikiliza, nikabadilisha upande, nikasikiliza tena. Sauti iliyo kubwa kidogo siku zote huonekana nzuri zaidi, kwa hiyo nilisawazisha kwanza kabla ya kutoa hukumu. Wanaobadilisha vitu vitatu kwa mpigo na kusema sauti "imefunguka" nawaelewa, nilikuwa hivyo, lakini hutajua ni kipi kilichokusaidia.

Ikwalaiza, ile sehemu ya simu ya kupandisha au kushusha besi na sauti nyembamba, niliigusa mwisho, desibeli 2 chini kwenye hezi 7,000, basi. Mwanzoni, hedifoni zilipokuwa zinavuja, nilikuwa napandisha besi kwayo mpaka spika zinakoroma, na besi yenyewe haifiki.

Sikutarajia jambo moja: sauti ya simu imeshuka. Zamani nilikuwa napandisha ngazi 12 kati ya 15 ili nizishinde kelele za nje. Sasa 7 zinatosha, kwa sababu vipira vinazuia kelele kuingia. Kwa mtu anayesikiliza saa nyingi kama mimi hilo lina uzito. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80, na muda huo hupungua haraka sauti ikipanda.

Juzi nilimaliza kitabu kirefu, "sisi" na "msisitizo" zikipita bila kunikunja uso. Mdogo wangu akiziazima siku hizi anang'oa kwanza kile kipira kikubwa cha kushoto, anaweka cha kwake, na mimi nikizirudisha napima tena kwa hezi 50 kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza.