Mkeka wa maji

"Mbona hapa pametoboka?"

Mtoto wa mdogo wangu amesimama mbele ya ukuta, kidole chake kimo katikati ya weupe ule, chini kidogo ya nusu ya picha. Nimemjibu haraka kwamba hapo kipimo hakikuandika kitu. Hakuridhika, wala mimi sijaridhika, maana swali hilohilo nilishaulizwa kijijini Jambiani, juu ya karatasi iliyotangulia hii, na sikulijibu vizuri hata siku ile.

Picha yenyewe ni maji ya bahari. Bandarini Mjini Unguja kuna kipimo cha kimo cha maji, na Chuo Kikuu cha Hawaii kinahifadhi namba zake pamoja na za bandari nyingi za dunia, saa kwa saa, kwa milimita. Mtu yeyote anaweza kuzichukua bila kulipa. Mwaka mmoja ni mistari 8,760: mwaka, mwezi, siku, saa, kimo. Nilitaka mistari ile isukwe. Siku moja iwe chane moja, saa zake 24 zishuke kutoka juu kwenda chini, na rangi ya kila saa ionyeshe maji yalifika wapi. Chane za mwezi mmoja zifanye kipande kimoja cha ukili, na vipande kumi na viwili vishonwe kuwa mkeka.

Niliandika kwa p5.js, zana ya kuchora kwa programu iliyoanzishwa na Lauren McCarthy kwa kufuata njia ya zana nyingine, Processing, ambayo Casey Reas na Ben Fry waliianza mwaka 2001. Uzuri wake ni kwamba inaendeshwa ndani ya kivinjari tu. Hata kompyuta ya kuazima inatosha.

Mkeka wa kwanza ulitoka rangi moja, zambarau kuanzia juu hadi chini, na vitone vichache vyeusi. Nilipekua msimbo wa programu usiku mzima, kumbe kosa lilikuwa kwenye namba. Saa ambayo kipimo hakikusoma haiachwi wazi kwenye faili, huandikwa -32767. Mimi niliiambia programu itafute kimo cha chini kabisa na cha juu kabisa, kisha igawe rangi baina yake. Ikaichukua -32767 kuwa ndiyo maji yaliyopwa kuliko yote, kina cha mita thelathini na mbili na zaidi, na bahari yetu yote, ambayo hata siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku zote, kujaa na kupwa kwake hutofautiana kwa mita nne hivi, ikabanwa kwenye ncha moja ya rangi. Dawa yake ni kuzitoa namba hizo kabla ya kutafuta kikomo chochote, na saa zake usizipake kitu.

Rangi nazo zilisumbua. Ukimwachia kompyuta achanganye taratibu kutoka buluu hadi manjano, katikati unapata kijivu cha maji ya kufulia. Msukaji hachanganyi hivyo. Ukindu huchemshwa na rangi sufuria kwa sufuria, chane ikawa ya kijani au ikawa ya zambarau. Nikachagua rangi tano zisizochanganyika, ukindu mtupu usiotiwa rangi ukiwa maji yaliyopwa kabisa, zambarau iliyoiva ikiwa maji yaliyojaa. Niligawa kwa hatua sawa za kimo. Nilikuwa nimejaribu kwanza kuipa kila rangi idadi sawa ya saa, na bamvua ikapotea, ikawa kila siku inafanana na nyingine.

Karatasi ilikuwa A2, pikseli 4961 kwa 7016 kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi. Kila saa nikaipa pikseli 150 kwa 23. Siku 31 zinachukua 4650 kwa upana, vipande 12 vya safu 24 vinachukua 6624 kwa urefu, zinabaki pembezoni na nafasi za mshono. Kila saa sikuichora mstatili. Niliilaza kidogo, siku ya witiri kupanda na siku ya shufwa kushuka, ili ionekane msuko. Ulalo usizidi pikseli 11, nusu ya safu, ama sivyo rangi ya saa moja inalalia saa ya jirani na picha inaanza kusema uongo. Na kabla ya kuhifadhi, pixelDensity iwekwe 1. Baadhi ya skrini huzidisha pikseli mara mbili kimyakimya, faili likawa kubwa mno na kivinjari kikaganda.

Nikachapisha, nikaikunja kama mkeka, nikapanda daladala ya Jambiani.

Mama mkubwa alikuwa barazani anachana ukindu. Nilimpa shikamoo, akaitika, akasogeza beseni. Tukaitandaza karatasi sakafuni, pembe mbili akazikandamiza kwa vifuu, mbili kwa kandambili zangu. Hakuuliza ni nini. Alipiga magoti, akaweka kidole cha shahada, ambacho bado kilikuwa na kijani cha rangi kwenye ukucha, juu ya doa la ukindu mtupu kwenye kipande cha juu. Kidole kikahama chane ya pili, kikashuka kidogo. Ya tatu, kikashuka tena. Kikaenda hivyo bila kuinuka, mshazari, chane kumi na zaidi, mpaka kikafika chini ya ukili.

"Maji yanachelewa," alisema.

Ndivyo. Kila siku maji hujaa na kupwa kama dakika hamsini nyuma ya jana, na mshazari ule ndio dakika zile hamsini. Mimi niliuona kwenye skrini baada ya wiki mbili za kazi. Yeye tangu mwani uanze kulimwa pale, mwaka 1989, hajauona kwenye karatasi hata siku moja, ila miguu yake imeuzoea.

Kidole kikarudi juu, kwenye madoa ya ukindu mtupu, siku ambazo maji hutoka kabisa. Akauliza yale maandishi ya ukingoni. Nikamsomea: saa moja asubuhi.

"Bamvua ikapwa saa moja?"

"Ndivyo namba zinavyosema, mama mkubwa."

"Saa moja mie bado nna chai jikoni. Bamvua hupwa saa nne. Saa nne na nusu. Hujapata kuiona ikapwa saa moja, na mamako hakupata kuiona."

Aliniangalia kwa huruma kabisa. Nikafungua laptopu palepale barazani, nikasoma maelezo yaliyokuja na faili, ambayo sikuwa nimeyasoma. Saa zote ni za Greenwich. Saa 1:30 yangu ilikuwa saa 4:30 yake. Mwaka mzima wa bahari nilikuwa nimeusogeza saa tatu, na picha ilikuwa nzuri vilevile, hakuna mtu Mjini aliyenishtua.

Akaendelea. "Na mwezi mosi uko wapi?"

Nikamwonyesha tarehe 1 Januari. Akatikisa kichwa. "Mwezi mosi."

Basi nikaelewa kwa nini madoa ya bamvua yalikuwa yanahama kutoka kipande hadi kipande, kila kimoja kikiteleza kidogo kuelekea kushoto. Nilikuwa nimekata ukili kwa miezi isiyo na habari na mwezi wa angani.

Marekebisho yenyewe yalikuwa mafupi kuliko nilivyoogopa. Kwa kuwa siku yetu huanza magharibi, saa 12 jioni ndiyo mwanzo wa safu ya kwanza. Kutoka Greenwich kuja kwetu ni saa 3, na kutoka usiku wa manane wa kizungu kwenda kwenye mwanzo wa siku yetu ni saa 6 nyingine. Unajumlisha 9 kwenye kila mstari wa faili, ukifika 24 unaingia siku inayofuata, na tarehe na saa zote mbili zinakaa mahali pake kwa pamoja. Miezi niliinakili kwa mkono kutoka kwenye kalenda ya ukutani, tarehe kumi na mbili za mwandamo, na kwa kuwa mwaka wa mwezi hauanzi Januari, ilinibidi niunge mafaili ya miaka miwili. Siku zilikuwa 354. Mwezi wa siku 29 unaacha chane moja haipo mwishoni, na ukingo wa kulia ukatoka na nyuzi kama mkeka uliotumika. Bamvua sasa zikapangana wima, safu mbili, moja karibu na mwezi tatu na nyingine karibu na mwezi kumi na saba, kutoka kipande cha kwanza hadi cha mwisho.

Lakini kabla sijaondoka Jambiani siku ile alikuwa ameshafika kwenye weupe. Chane mbili nzima, sentimita mbili na nusu kwa karibu tano.

"Na siku hizi bahari ilikwenda wapi?"

Nikamwambia bahari ilikuwepo, kipimo ndicho kilichonyamaza, na kwamba naweza kupaziba: wimbi la mwezi huzunguka kwa saa 12 na dakika 25, la jua kwa saa 12 kamili, ukijumlisha hayo na mengine madogo unapata kimo cha saa yoyote unayotaka. Kisichopatikana ni upepo wa siku ile, na hewa pia, kwa sababu shinikizo likishuka milibari moja maji huinuka karibu sentimita moja. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akahesabu chane kwa kidole, kutoka bamvua ya nyuma hadi kwenye tundu.

"Maji mafu haya, hayapwi sana. Hatukushuka pwani."

Akarudi kwenye ukindu wake.

Nimeuziba ule weupe kwa hesabu, na rangi zinaingia vizuri hata mimi mwenyewe siwezi kuona mshono. Faili hilo sijalichapisha. Liko pamoja na lile lenye tundu, na kila mara nikiyafungua yote mawili nayafunga bila kuamua.

Mtoto bado yuko ukutani. Nimemwambia ahesabu chane kutoka kwenye tundu mpaka bamvua inayofuata. Amefika ya tano.